Kengele anaigonga mwenyewe

Shuleni kwa mtoto wa kaka yangu, kengele ni rimu ya gari iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Inagongwa kwa kipande cha nondo, na mlio wake unawafikia hadi wauza mihogo wa ng'ambo ya barabara. Wiki tatu za mwanzo, kila ilipolia, kijana alijitupa chini, akaziba masikio, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wenzake walimcheka. Mzazi mmoja aliyekuja shuleni kwa shughuli zake aliuliza kwa nini mtoto mwenye mapepo anachanganywa na watoto wa wenzake.

Mwalimu wake, mama wa makamo aliyesomea elimu maalumu, hakumchapa wala hakumrudisha nyumbani. Alimtazama siku kadhaa, akawa anaandika saa na matukio kwenye daftari. Kisha siku moja, dakika mbili kabla ya mapumziko, alimwonyesha kadi yenye mchoro wa ile rimu, akamshika mkono, wakatoka wote hadi chini ya mwembe, akampa nondo. Siku hiyo mtoto aliigusa rimu kidogo tu. Siku ya nne aliigonga. Sasa yeye ndiye mgonga kengele wa shule nzima, na mwalimu wa zamu akisahau muda, anamkuta amekwishasimama pale anasubiri nondo yake. Mlio ni ule ule. Ila haumvamii tena, kwa sababu anajua saa yake na unatoka mkononi mwake.

Watu wakisikia mtoto ana usonji, swali la kwanza huwa ni dawa. Wifi yangu ameulizwa hilo msibani, sokoni, kwenye kumbi za harusi. Dawa ya kuuondoa usonji haipo, na anayekuuzia anakula fedha yako. Kilichopo ni mambo ya namna ya ile kadi na ile nondo: madogo, ya gharama ndogo, yanayohitaji mtu wa kutazama kwa makini, na yanayozaa matunda pale mtu wa nyumbani na mtu wa shuleni wanapofanya kitu kimoja kwa namna moja. Msaada mwingine, wa hospitali, wa shule na wa vyama, upo hapa Dar es Salaam, lakini umetawanyika kama mchele uliomwagika mchangani. Mzazi anauokota punje moja moja. Naandika haya nikimfikiria mama wa Tandale, wa Bunju au wa Mbagala ambaye ndiyo kwanza ameanza kuokota.

Neno usonji lenyewe bado geni mitaani. Majina yanayotumika ni mengine, zezeta, taahira, bubu, na mtoto anayasikia hata kama hasemi. Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, mtu huzaliwa nayo na huishi nayo. Unaonekana katika mawasiliano na kuchangamana na watu, na katika tabia za kurudiarudia, kushikilia mpangilio, na hisi zilizo kali mno au butu mno. Ndiyo maana mmoja hasemi neno, na mwingine anasema kutwa nzima, ila habari ni ya mabasi ya mwendokasi tu. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliueleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye wanafunzi 1,270, na jijini kwetu shule kubwa kama hizo si ajabu, ingekuwa na watoto kumi. Wako wapi hao kumi? Wengine wameketi dawati la nyuma wakiitwa wakorofi. Wengine wamefungiwa ndani.

Kabla ya kufika kwenye msaada, mama wengi wanapitia kwanza kesi. Kesi ya kwamba alikula kitu akiwa mjamzito, kwamba ukoo wao una mambo, kwamba alimlipia mtu deni la uchawi kwa mtoto. Kesi hii haikuanzia kwetu. Marekani na Ulaya, katika miaka ya 1950 na 1960, madaktari wenye vyeo waliandika kuwa usonji unaletwa na mama asiye na upendo, na wanawake wakaubeba uongo huo kwa miaka. Siku hizi umeongezeka uvumi wa chanjo. Chanzo chake ni makala ya Andrew Wakefield katika jarida la Lancet la Uingereza, mwaka 1998. Utafiti mkubwa uliofuata katika nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote, na mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta makala hiyo. Mpeleke mtoto chanjo. Surua inaua, na mtoto mwenye usonji anaugua surua kama mwingine yeyote.

Kuhusu maombi na dua, sitamnyang'anya mzazi faraja yake. Familia yetu nayo iliomba na inaomba. Lakini moshi wa kufukiza, kamba, kiboko cha kutoa pepo, hivyo ni kumuumiza mtoto ambaye hawezi kusema wapi panamuuma.

Njia ya hospitali huanzia pale pale kliniki anapopimwa uzito. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina lake, wa mwaka na nusu asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu, au aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, mwulizie muuguzi siku hiyo hiyo. Ipo orodha ya maswali 20 iitwayo M-CHAT-R, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, inayotolewa bure; mzazi anajibu ndiyo au hapana. Haitoi jibu la mwisho, inaonyesha tu kama mtoto anahitaji kutazamwa zaidi. Na kabla ya yote, apimwe masikio, maana mtoto asiyesikia naye haitiki akiitwa.

Wifi yangu aliambiwa asubiri. Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na kwenye zahanati moja ya mtaani akajibiwa kuwa watoto wa kiume huchelewa kusema, arudi akifika minne. Alirudi akiwa na minne. Miaka hiyo karibu miwili hairudi, na ndiyo inayoniuma kuliko yote. Ukiambiwa usubiri, omba barua ya rufaa kwa upole na uendelee kuiomba. Kwa wakazi wa Kinondoni hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala, kisha Muhimbili, ambako wapo madaktari wa watoto na wa afya ya akili. Pale Msasani ipo CCBRT, inayojulikana zaidi kwa macho, fistula na miguu ya kifundo, lakini huduma za utengamao kwa watoto ni sehemu ya kazi yake.

Utasikia majina ya wataalamu wawili, nao ni adimu. Mtoa tiba kwa vitendo humfundisha mtoto kazi za kila siku, kushika kijiko, kufunga vifungo, kustahimili maji kichwani. Wengi wa Tanzania wamepitia chuo cha KCMC, Moshi. Mtaalamu wa matamshi na lugha ni adimu zaidi. Kwa hiyo ukimpata mmoja hata kwa nusu saa kwa mwezi, usikae pembeni ukicheza na simu huku yeye anacheza na mtoto. Kaa chini naye, tazama mikono yake, mwombe akuonyeshe zoezi la kufanya nyumbani. Nusu saa yake inakwisha, wewe una siku 30.

Upande wa shule, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wengine. Mwalimu mkuu akisema shule yake haipokei watoto wa namna hiyo, mwombe aandike hivyo kwenye karatasi, kisha nenda kwa afisa elimu maalumu wa manispaa. Zipo shule za serikali zenye vitengo: Msimbazi Mseto kule Ilala ina kitengo cha usonji, Kinondoni ipo Mbuyuni, na Sinza Maalumu na Mtoni Maalumu ya Temeke zimejulikana siku nyingi kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Walimu wa vitengo hivi wengi wamesoma Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha.

Ada katika shule hizi za serikali hakuna. Kilichobaki kuwa mzigo ni nauli, na nauli ya mtoto huyu ina hesabu yake. Asubuhi wanapanda wawili. Mama anarudi peke yake. Mchana anamfuata peke yake, wanarudi wawili. Nauli sita kwa siku, na ndani ya daladala hizo konda anapiga kelele, muziki unapiga, watu wanasukumana, na mtoto akilia abiria wa kiti cha nyuma anasema mchape huyo, umemdekeza. Ndiyo maana akina mama wengi hawarudi nyumbani. Wanabaki shuleni hadi mchana.

Pale kwetu wanakaa kwenye benchi chini ya mkungu, nje ya geti. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nampitia wifi pale siku za Ijumaa, na nimejifunza kwenye benchi hilo kuliko kwenye kitabu chochote. Mama mmoja anamenya vitunguu vya mteja, mwingine anasuka nywele, na katikati ya kazi yanapita maarifa: kliniki fulani daktari anakaa siku fulani, Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kuna vile vifuniko vya masikio vya mafundi wa kuchomelea, vinakata kelele na ni imara, mtoto anayetema chakula mwanzie na uji wa rangi aliyoizoea, usibadilishe bakuli, binti anayekaribia kuvunja ungo afundishwe pedi miezi mingi kabla, kwa kumvalisha mdoli. Nani mwingine angewaambia hayo? Wana upatu. Mmoja akienda hospitali, mwenzake anabaki na watoto wawili. Wifi aliniambia kwamba pale ndipo alipokaa kwa mara ya kwanza na watu ambao hahitaji kuwaomba radhi kwa ajili ya mwanawe.

Ukifuatilia historia, msaada wa usonji duniani umeanzia kwenye mabenchi ya aina hii. London, mwaka 1962, wazazi walianzisha chama ambacho leo ndicho chama kikubwa cha usonji cha Uingereza, wakafungua shule kwa sababu hapakuwa na shule. Nairobi, mwaka 2003, wazazi na walimu walipata madarasa ndani ya City Primary, shule ya umma, na kitengo kile kikawa mfano. Hapa Dar es Salaam, Lukiza Autism Foundation ilianzishwa na mama, Hilda Nkabe, na imekuwa ikiandaa mbio za hisani na kuelimisha umma. Kipo pia chama cha kitaifa cha watu wenye usonji, NAP-T. Moshi kuna kituo cha Gabriella, kinachofundisha watoto na wazazi wao pamoja. Mzazi apige hodi kwenye milango hii. Na benchi nalo liende kujiandikisha kama kikundi kwenye kata, kwa sababu halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kina mama wa vitunguu wale, wakiwa na mtaji na mashine ya kusaga viungo, wangefanya kazi ya maana pale pale walipo.

Natamani sana kitu kimoja cha jirani zetu kifike Kinondoni. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Pwani ya Kenya, Kilifi na Mombasa, watafiti wameyafanyia majaribio, na wanaoendesha vikao si madaktari. Ni watu wa kawaida waliofundishwa. Tanzania ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mhudumu anayejua kueleza matumizi ya chandarua anaweza kujifunza kumweleza mama namna ya kucheza na mtoto asiyesema.

Sasa nirudi nyumbani, maana huko ndiko kwenye saa nyingi. Ukutani kwa wifi, kwenye kimo cha macho ya mtoto, kuna kamba iliyobanwa vibanio vya nguo. Kwenye vibanio kuna kadi alizozikata kwenye boksi la sabuni: mswaki, kikombe cha chai, shati la shule, begi, daladala. Michoro yake si mizuri, daladala inafanana na mkate. Kijana anaelewa. Kila kazi ikiisha anaichomoa kadi na kuitupia kwenye kopo la maziwa, na lile kopo likilia anafurahi. Kabla ya kamba ile, kuvaa sare kulikuwa vita ya saa nzima. Kulikuwa na siku mbaya ambapo kadi ya daladala ilipotea na safari nzima ikaharibika. Tangu hapo kila kadi ina pacha wake.

Kadi nyingine ziko kwenye kamba kiunoni mwake: maji, choo, inauma, sitaki. Hiyo ya sitaki ndiyo iliyopunguza kung'ata. Watu wana hofu kwamba ukimpa picha hatasema kamwe, lakini picha haizibi mdomo. Yeye alianza kutamka "maji" akiwa ameishika kadi ya maji mkononi. Na lugha iwe fupi: "Kwanza viatu, halafu bajaji," ukionyesha kadi mbili, kisha unyamaze na kumpa muda. Sisi ndugu ndio wagumu. Tunamwambia mtoto maneno arobaini kwa pumzi moja, kisha tunasema haelewi.

Anapolipuka, kwanza pima kama ni ukorofi au amezidiwa. Mkorofi anakutazama kama unamwona. Aliyezidiwa hajali nani yupo. Huyo anahitaji kelele zipungue, watu watawanyike, na mtu mmoja anayemfahamu akae karibu bila kuongea. Kiboko kinamwongezea kile kile kilichomlipua.

Tena watoto hawa wanatoroka, na wanapenda maji. Mto Ng'ombe unapita katikati ya makazi yetu na mvua za masika unabadilika ndani ya saa moja. Wifi ameandika namba ya simu kwa maka peni ndani ya kola ya kila shati. Alikwenda pia kijiwe cha bodaboda cha kona, akiwa na mtoto, akawaambia wale vijana: huyu ni wa kwangu, haitiki akiitwa, hapendi kushikwa bega, mkimwona peke yake mwonyesheni pikipiki atakaa. Walimrudisha mara mbili mwaka jana. Mara ya pili alikuwa ametulia juu ya tangi la mafuta, anasikiliza injini.

Walimu nao wanahitaji wa kuwashika mkono. Mwalimu wa darasa la kawaida, mwenye watoto wengi kuliko madawati, anapoletewa mtoto mwenye usonji bila msaidizi, si haki kumlaumu akichoka. Yapo anayoyaweza hata hivyo: kumketisha mbali na mlango, kuchora ratiba ya siku pembeni ya ubao, kumteulia mwenzake mmoja mpole, kumpa kazi ya kutoka nje kabla hajazidiwa, kama kupeleka rejista ofisini. Na daftari. Kati ya wifi na yule mwalimu linatembea daftari la kurasa 48 ndani ya begi la mtoto. Asubuhi mama anaandika: amelala saa nne tu, hajanywa chai. Mchana mwalimu anaandika: leo amehesabu hadi saba, kelele ya ujenzi imemsumbua. Kwa daftari hilo waligundua kwamba siku zake mbaya zinafuata usiku wa umeme kukatika, feni isipozunguka. Daktari naye alipolisoma aliuliza maswali tofauti kabisa na yale ya mwanzo.

Nawafikiria pia wakubwa. Sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia tatu, na kijana mwenye usonji anayepanga vitu kwa mstari bila kuchoka anaweza kuwa mtunza stoo hodari. Lakini ni nani amemwona? Anapomaliza kitengo mara nyingi anarudi kukaa barazani, mama akizeeka ubavuni mwake.

Januari mtoto wetu anabadilishiwa mwalimu. Yule wa nondo anahamishwa, na wifi amekosa usingizi kwa ajili hiyo. Jumapili iliyopita tulikaa mezani tukaandika ukurasa mmoja wa kumpa mwalimu mpya. Anapenda: injini, wali mkavu, kugonga kengele. Anaogopa: vyoo vyenye mwangwi, puto. Akishika sikio la kushoto anakaribia kulipuka, mpe kadi ya nje. Anaposema "bajaji" mara nyingi bila bajaji kuwepo, ana njaa. Wifi aliandika, akafuta, akaandika tena. Mtoto alikuja akasimama begani kwake, akatazama karatasi, akaichukua kalamu, akachora duara chini ya maandishi. Tulidhani anachezea. Kisha akachora mstari mfupi pembeni ya duara, akauweka mkono wa mama yake juu yake.

Ilikuwa rimu, na nondo. Tumeiacha hapo hapo kwenye ukurasa.